Udongo wa Nyuma ya Goli

Guangzhou,
Jumapili, 15 Juni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba karatasi hizi zikukute umekaa barazani kwa dada Kissa, miwani umeshaisafisha na chai haijapoa. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono na umerudi kukaa benchi la mbele. Nikamhurumia mchungaji, maana ulipokuwa nyuma alikuwa amepona maswali yako. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo bado anayatema maharage? Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, mvua za huku zinanilowesha kila siku na hata mafua sijayapata. Nausemea mwili tu, Mama. Mengine utayasoma.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono wakati kila Jumamosi tunaongea. Lakini simu ya dada Kissa unaijua: ukiongea nayo unaongea na nyumba nzima, na mama wa duka la pembeni anaitikia. Haya ninayoyaandika siwezi kuyasema kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Kuna sababu nyingine pia ya kutumia karatasi, nayo iko mwishoni. Wewe ni mwalimu, ulituchapa kwa kuruka kurasa, basi na wewe usiruke.

Timu ya chuo chetu unaijua kwa maneno yangu. Kocha mkuu ni Mchina wa hapahapa Guangzhou, anaitwa Luo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mkali uwanjani na mpole mezani. Chini yake tuko makocha wasaidizi wawili, wote Watanzania, jambo ambalo Wachina hawaachi kulicheka. Mimi nashughulikia mabeki na pumzi za wachezaji. Mwenzangu anaitwa Vuai, Mzanzibari wa Makunduchi, anawafundisha makipa. Alikuja huku na kaka yake kununua nguo soko la Shisanhang, kila Jumapili akawa anadaka mechi za Waafrika, Luo akapita siku moja akamwona, basi. Mimi nilisoma miaka minne kuipata kazi ambayo mwenzangu aliipata kwa kupangua penalti mbili. Niliwahi kukutania hivyo kwenye simu, ukacheka. Haukuwa utani mtupu, Mama.

Hata hivyo nisimwonee. Kwa miaka mitatu Vuai amekuwa ndugu yangu. Homa iliponilaza mwaka juzi, yeye ndiye aliyekuwa akipanda ghorofa sita na kibakuli cha uji, na mkewe, Fathiya, ndiye aliyekuwa akiupika. Sikukuu zao nilikula kwao, Krismasi zangu walikuja kwangu. Akinikuta nimenuna baada ya kufungwa, ananiambia kwamba kwao Makunduchi sura kama yangu huwa wanaiweka shambani kufukuza ndege.

Mwezi wa tatu Luo alituita wote wawili ofisini, akatumiminia chai, akatueleza kwamba kuanzia Julai chuo kitabaki na msaidizi mmoja tu. Ataamua nani abaki baada ya mashindano ya vyuo. Unajua kwamba wakiamua tunarudi, tunarudi kweli: mkataba ukiisha, na kibali cha kuishi kinaisha nao. Tulipotoka nje Vuai akasema atakayebaki amkatie mwenzake tiketi ya treni ya chini ya ardhi mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, huo ndio utakuwa ubani wake. Tulicheka. Kuanzia siku hiyo, kila nilipopanga koni zangu uwanjani, nilikuwa natazama yeye amepanga ngapi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nikizunguka zaidi nitaahirisha tena.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya mwezi wa nne, saa kumi jioni, tuko katikati ya mazoezi. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaona walinzi wanne wa chuo wanaingia uwanjani, na viatu vyao vya ngozi, bila kuomba ruhusa, na mwanamke mmoja wa ofisini nyuma yao amevaa glavu nyeupe. Mlinzi mmoja alikuwa na koleo. Hawakusema na mtu. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya goli la kaskazini, wakatazama chini, wakaanza kuchimba.

Wachezaji wote wakasimama. Jovin, kipa wetu, kijana wa Bukoba anayesoma uhandisi, akaniuliza kwa Kiswahili wanatafuta nini. Nikamwambia sijui. Kwa upande wa pili nikamwona Vuai ametupa mpira aliokuwa ameushika na anakimbia kuelekea kwao, anakimbia huku mikono ameinyoosha mbele, vile mtu anavyokimbia akiona mtoto anasogelea moto. Mlinzi akamzuia kifuani. Koleo likatoa kitu.

Kilikuwa kitambaa cheupe, kidogo, kimefungwa kwa uzi. Yule mwanamke akakifungua kwa vidole viwili. Ndani palikuwa na pamba, na katikati ya pamba kitu kidogo cheusi kilichokauka, kimejikunja, si kikubwa kuliko kikonyo cha karafuu. Akakinusa. Kisha akapiga kelele akakiachia, na kitambaa kikaanguka majanini.

Vuai akapiga magoti. Mtu mzima, Mama, mwenye ndevu, akapiga magoti mbele ya wanafunzi thelathini, akawa anasema kwa Kiswahili, anarudiarudia, kwamba hicho ni kitovu cha mwanawe, wasikikanyage, jamani wasikikanyage.

Sikuwa najua kama ana mwana. Nilijua Fathiya ni mjamzito, lakini Vuai alikuwa ameniambia kwamba amempeleka Unguja akajifungulie kwa mama yake. Filimbi ikaniponyoka mdomoni ikaning'inia kifuani. Mimi na Jovin tu ndio tuliomwelewa. Wengine waliona mtu analia kwa lugha ya mbali juu ya kitu cheusi kilichofukiwa, na nyuso zao zilikuwa zinasema walichokuwa wanawaza. Unajua nchi hii isivyo na masihara na dawa za kulevya.

Luo akanigeukia. Akaniamuru nitafsiri.

Kichina changu kinatosha kununua samaki na kumkemea beki. Kinatosha hata kubishana na malaoban, wenye maduka wa mtaa wa Yide Lu, wanapoongeza bei. Lakini neno kitovu sikuwahi kulihitaji kwa miaka saba niliyokaa huku. Nilifungua mdomo, halikuja. Nikasema mtoto, nikasema kuzaliwa, nikasema tumbo. Mlinzi akazidi kukunja uso. Basi nikapandisha fulana yangu mpaka kifuani, nikaweka kidole kwenye kitovu changu mwenyewe, mbele ya wanafunzi wangu, nikamwonyesha Luo, kisha nikamwonyesha kile kilicholala majanini. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Mwanafunzi mmoja alianza kucheka, akaacha mwenyewe.

Hawakumwachia hapo. Kitambaa kilitiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, kikapelekwa kupimwa. Vuai akawekwa kwenye chumba cha wageni cha chuo, siku tatu anahojiwa. Vipimo viliporudi na kusema kwamba ni kitu cha mwili wa binadamu, maswali yakaongezeka badala ya kupungua: binadamu gani, yuko hai, yuko wapi. Ikabidi Fathiya aje mwenyewe, ndani ya arobaini yake, mwanamke ambaye kwa desturi ya kwao hakutakiwa hata kuuvuka mlango, akaja kwa mvua na kichanga kifuani ili watu wakifunue na kukitazama tumboni. Nilikuwapo. Niliitwa tena kutafsiri.

Hapo ndipo nilipoijua habari yote. Fathiya alifika kweli Baiyun kusafiri, lakini kwenye kaunta wakamwambia mimba imekuwa kubwa mno, hapandi ndege. Wakarudi nyumbani na masanduku. Mama yake Vuai akawausia kwa simu wasimtangazie mtu mpaka mtoto atimize siku arobaini, dunia ina vijicho, na Vuai mwenyewe yuko kwenye kugombea kazi. Vuai akatii. Kitovu kilipodondoka wakatafuta pa kukizika. Wanaishi ghorofa ya kumi na moja. Chini ni saruji, kushoto ni saruji, vyungu vya maua ni vya mwenye nyumba, na bustani za mji zina walinzi. Vuai aliwaeleza, nami nikatafsiri, kwamba katika mji huu wote udongo aliokuwa na funguo zake ulikuwa mmoja tu. Akachagua nyuma ya goli, kwa sababu kwao kitovu hufukiwa pale ambapo mzazi anataka moyo wa mtoto uelekee. Wengine hufukia msikitini, wengine shambani. Yeye ni kipa, alitaka mwanawe awe kipa.

Luo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mtoto wa meza yake, akatoa brashi ndogo ya kuandikia, ya mpini wa mti mwekundu, na nywele zake ni laini mno. Akasema zile ni nywele za kwanza za binti yake, alizonyolewa alipotimiza mwezi, na huku kwao wengi huzitengeneza brashi na kuzitunza. Akamuuliza Vuai kwa nini hakumwambia tu. Angemwambia, wangechimba wote wawili.

Lakini Luo si mwenye chuo. Wakubwa walisema Vuai hana kosa la jinai, ila amefukia kitu cha mwili wa mtu katika uwanja wa chuo bila ruhusa, kwa hiyo mkataba wake hautaongezwa. Na mimi nikabaki. Jumamosi ile niliyowapigia kuwaambia kwamba nimeteuliwa, dada Kissa akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, nawe ukasema Mungu hamtupi mja wake. Nilikata simu mapema nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima.

Siku mbili baada ya kuachiwa, Vuai akanialika kwake. Fathiya alikuwa amepika mkate wa kumimina, kama vile ni sikukuu. Vuai akanishukuru kwa kumtafsiria, akasema bila mimi wangemla mzimamzima. Akasema anajiuliza ni nani aliyemchongea, maana walinzi walijua mpaka goli lenyewe. Labda ni mchezaji aliyemweka benchi. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaniongezea chai.

Kisha akamchukua mtoto, akanipakatisha. Nikauliza jina. Vuai akatabasamu, akasema walimpa siku ya saba, walikuwa wanangoja arobaini ipite waniambie wenyewe. Anaitwa Habili. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha kipa mpya, kwamba kwetu tunasema Abeli na kwao wanasema Habili, mtu ni yuleyule. Alisema alitaka mwanawe awe na jina la mtu aliyekuwa ndugu yake ugenini.

Mama, sijui nilikaa vipi kwenye kile kiti. Machozi yangu yalimdondokea mtoto. Fathiya alidhani ninalia kwa furaha, akanipa kitambaa.

Kwa sababu ni mimi. Mimi ndiye niliyemchongea.

Nilimwona. Asubuhi moja kumekucha nilifika uwanjani mapema kupanga koni, nikamwona Vuai amechuchumaa nyuma ya goli, anafukia kitu cheupe, anashindilia majani kwa kiganja, kisha anainua mikono kuomba dua. Nikajificha nyuma ya banda la mipira. Nilikuwa nimeshaamua ni nini kabla hajasimama. Mpira wa kwetu unaujua. Unazijua timu zinazoruka ukuta kwa kuogopa kupita getini. Marehemu Baba mwenyewe alipokuwa katibu wa timu pale Tukuyu, yule jogoo mweupe tuliyemkuta anamchinja nyuma ya jiko usiku wa kuamkia fainali, wewe ulisema nini? Ulisema huo si mchuzi, hiyo ni kamati ya ufundi. Nami nikasema moyoni, Mzanzibari ameanza ufundi wake. Tulikuwa tumefungwa michezo mitatu mfululizo. Baada ya asubuhi ile tukashinda miwili, na makipa wa Vuai hawakuruhusu hata bao moja. Nikaona kazi yangu inaondoka mbele ya macho yangu kwa hirizi.

Niliogopa, na nilikuwa na wivu, na sijui hata sasa kipi kilitangulia. Nikaenda kwa Luo, nikamwambia Vuai amefukia kitu golini. Akaniuliza kitu gani. Hapo, Mama, ndipo penye dhambi yangu. Ningeweza kusema nadhani ni uchawi wa mpira, angecheka tukamaliza. Lakini niliona macho yake yanakwenda kwenye jambo jingine baya zaidi, niliona kabisa yanakokwenda, nikainua mabega, nikanyamaza. Kesho yake walinzi wakaja na koleo.

Na haikuishia hapo. Siku ile ya brashi, Luo alipomaliza kumuuliza Vuai, alinigeukia mimi. Akaniuliza polepole, ili nielewe vizuri, kama huko kwetu bara na sisi hatuziki vitovu. Nikamjibu kwamba hatuziki. Nilisema hivyo mimi, ambaye kitovu changu kiko chini ya mgomba wa nyuma ya jiko la Tukuyu, na wewe ulinionyesha mgomba ule kila nilipotaka kutoroka nyumbani, ukaniambia nenda uendako, hapa kuna kipande chako. Nilijua. Mtu wa pekee katika chuo kizima aliyetakiwa kukijua kile kitambaa bila kukifungua alikuwa mimi. Luo hakuniuliza tena. Siku ya kusaini mkataba mpya alinisukumia kalamu bila kuniangalia.

Nimejaribu kumwambia Vuai kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akaanza kunitania kuhusu sura yangu ya shambani. Mara ya pili Fathiya aliingia na sinia. Mara ya tatu hakukuwa na kizuizi chochote, nilishindwa tu.

Wanaondoka kesho mchana, wote watatu. Kile kitambaa walirudishiwa na namba yake, na Vuai amekitia mfuko wa shati, anakwenda kukizika Makunduchi. Watalala Dar usiku mmoja kabla ya kupanda boti, na nilipomwambia nina barua ya kumpelekea mama yangu Kimara, amesema hatampa mtu mwingine, ataileta mwenyewe mkononi. Hiyo ndiyo sababu ya pili niliyokuahidi.

Bahasha sitaigundisha. Jioni hii, nikishaweka sahihi, nitampelekea, nitamwambia aisome kwanza yeye, yote, kisha aamue kama inastahili kufika au aichane. Nilitaka kumpa kesho pale Baiyun wakati anaingia sehemu ya abiria, halafu nikasikia sauti yako inaniuliza hilo ni ungamo au ni mbio. Kwa hiyo nampa leo. Akitaka kurudi kunitia ngumi, nitakuwa chumbani na mlango sitaufunga. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Luo kumwambia kuhusu mgomba wa Tukuyu. Akininyang'anya filimbi, atakuwa amechukua ambayo haikuwa yangu, na nitakuja kuwaomba radhi kwa vile vigelegele. Huenda haitamrudishia Vuai kitu. Nitakwenda hivyohivyo.

Nisalimie dada Kissa na shemeji, mwambie asome baada yako na asisome kwa sauti. Wajukuu wape pipi, hata yule wa maharage. Mchungaji mwambie aniombee, sababu umwambie au umfiche, utakavyoona.

Na sasa, Mama, kama karatasi hizi ziko mkononi mwako, maana yake ni kwamba mtu aliyekuletea amezisoma, na bado amekuja. Usimwache amesimama mlangoni. Mpe kiti, mpe maji, muulize njia. Huyo mtoto aliye na mama yake ana jina langu. Mpakate, kisha ndiyo uniandikie.

Mwanao,
Abeli